Barua ya wazi kwa Wizara ya Elimu na UNEB: mnapima kusoma au mnapima mdomo wa mtoto?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo, kwa wakubwa wa UNEB (Baraza la Mitihani) na NCDC (kituo cha taifa cha mitaala), kwa maDEO (maafisa elimu wa wilaya) na mainspekta wa wilaya zote,

Poleni na kazi wakubwa zetu. Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini hapa Busia, Uganda, huku mpakani, saa hii nimeshika P3, darasa la tatu la msingi. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotuunganisha huku, Msamia, Mteso, Mganda, mtu wa ng'ambo Kenya, wote tunaelewana nacho, na tena Baraza la Mawaziri lenyewe Julai 2022 lilisema ni lugha rasmi na kifundishwe mashuleni, kwa hiyo naamini mtanisoma mpaka mwisho.

Jambo langu ni moja. Vile tunavyopima kusoma kwa watoto wadogo, kuna watoto ambao kusoma kwao hatukupimi hata kidogo, tunapima mdomo tu. Mtoto ana kigugumizi, au alizaliwa na kaakaa iliyopasuka ikashonwa, au ana mtindio wa ubongo na misuli ya mdomo haimtii, au tu maneno yalichelewa kumjia tangu utotoni, sisi tunamsimamisha mbele ya karatasi, tunaanza kuhesabu sekunde, sauti isipotoka vile tunavyoitaka tunaandika hajui kusoma. Na hiyo hajui kusoma inamfuata kwenye ripoti, inamfuata ofisini kwa hedimasta, inamfuata nyumbani, mpaka yeye mwenyewe anaikubali.

Wacha niwaonyeshe. Walikuja watu kupima P3 na tableti zao, siwataji maana sina ugomvi nao, walikuwa na adabu na walifuata maelekezo yao sawasawa. Kuna binti wangu mmoja ana kigugumizi kikali. Akapewa ile karatasi ya herufi. Kidole chake kikakaa chini ya herufi b, midomo ikafunga ya b, shingo ikakaza, jicho moja likaanza kupepesa, sauti haitoki. Sekunde 3 zikapita, mpimaji akamwonyesha inayofuata kama karatasi yake inavyosema. Inayofuata vilevile, na nyingine vilevile, mstari wa kwanza ukaisha hajatoa hata moja ndani ya muda, na kanuni ni kwamba mstari wa kwanza wote ukikosekana zoezi linasimama. Tableti ikafunga. Sifuri.

Mchana wageni wameshaondoka nikakata vipande vya karatasi nikaandika amri fupi fupi za Kiingereza ambazo hakuwahi kuziona: weka daftari chini ya kiti, funga dirisha moja, chora mbuzi mwenye miguu mitatu. Sikusoma kitu kwa sauti, nilimpa tu kimoja kimoja nikanyamaza. Akasoma, akainuka, akafunga dirisha moja lile lingine akaliacha wazi, akarudi kukaa. Ile ya mbuzi alicheka kwanza, kabla hata hajashika penseli. Yaani ameshasoma, ameshaelewa, na ameshaona kwamba mbuzi wa miguu mitatu anachekesha. Huyo ndiye mwenye sifuri kwenye tableti.

Najua kile kipimo cha tableti, kinaitwa EGRA, kilikuja kwa nia njema. EGRA ilitengenezwa 2006 ili nchi ipate picha ya haraka, watoto wa madarasa ya chini wanasoma kiasi gani, herufi 100 ndani ya dakika 1, kisha maneno, kisha maneno ya kubuni, kisha hadithi fupi na maswali yake. Kwa picha ya wilaya nzima inafaa, na ndiyo iliyotutoa usingizini tukaona watoto wanafika P3 bila kusoma. Lakini haikutengenezwa kumhukumu mtoto mmoja mmoja, na hapo ndipo tumeharibu, manake shule nyingi zimeshaiga sura yake, stopwochi ya simu mezani, mtoto amesimama, wenzake wanasikiliza, na dakika 1 imegeuka ndio kusoma kwenyewe. Nimeona inspekta anafanya hivyo, nimeona walimu wa shule zinazotaka jina wanafanya hivyo siku ya wazazi, mtoto mwenye kigugumizi anasimamishwa mbele ya watu wote na mama yake amekaa palepale kwenye benchi.

Tena kuna kitu kinawachanganya walimu wenzangu sana. Mtoto mwenye kigugumizi akisoma pamoja na darasa zima kwa sauti moja, mara nyingi kigugumizi kinapungua au kinapotea kabisa, hii wataalamu wanaijua siku nyingi. Sasa mwalimu anamsikia kwenye kwaya ya darasa anaenda vizuri, akimsimamisha peke yake anakwama, basi anasema huyu anajifanya, huyu ni mvivu, huyu anataka kiboko. Hapana jamani, hajifanyi. Na hiyo hiyo kwaya inawaficha wengine, wale wasiojua hata neno moja wanafungua mdomo nusu sekunde nyuma ya wenzao na hakuna anayewagundua mpaka P4.

Kuna na wale ambao sauti inatoka ila inatoka tofauti. Nina kijana kaakaa lake lilishonwa akiwa mdogo, operesheni ilienda vizuri kabisa na mama yake anashukuru mpaka leo, lakini K yake inakatikia kooni na P inapitia puani, hata akiitisha maji tu ndivyo anavyoongea. Mpe asome maneno ya kubuni, yale yasiyo na maana ambayo mpimaji hawezi kukisia, mgeni atasikia makosa kila mahali. Mimi nisikiaye kila siku nasikia mtoto anayesoma herufi moja moja bila kuruka. Tofauti yetu mimi na mgeni ni kwamba mimi najua K yake inafanana vipi.

Na hicho mgeni anaweza kukijua kwa dakika chache tu. Kabla ya kumpa karatasi ya kusoma, mpe picha, kikombe, kuku, pikipiki, mpira, mwambie ataje, ongea naye kidogo habari za nyumbani, sikiliza K yake na P yake na R yake zinatokaje, andika. Akija kusoma na zikatoka vilevile, hilo si kosa la kusoma, mpe tiki. Akiisoma b kama d wakati kwenye picha b yake ilikuwa safi, hilo ndilo kosa la kusoma, liandike. Wapimaji tayari huambiwa wasimkate mtoto maksi kwa lafudhi ya kwao, hakuna anayemwangusha Mganda kwa kuchanganya L na R. Mtoto wa kaakaa naye ana lafudhi yake, apewe heshima ileile.

Asiyesikika kabisa, au asiyetoa neno, bado anapimika. Geuza kazi: mwalimu ndiye atamke, mtoto ndiye aonyeshe. Natamka sauti moja yeye anagusa herufi. Natamka "pot", mbele yake pameandikwa pot, pat, top, pet, anagusa moja. Asiyeweza kunyoosha mkono anaangalia kwa macho, ukiyatenga maneno mbalimbali kwenye kona nne za ubao utaona jicho limeenda wapi. Lakini maneno yawe yanafanana, ukimwekea pot pamoja na elephant hujapima kitu, na yawe mengi, kwa sababu kwenye machaguo manne mtu akibahatisha tu atapata robo, maswali manne hayatoshi kukwambia chochote. Akimaliza hapo mpe sentensi asome kimya kimya achague picha yake kati ya tatu, mvulana anamfukuza mbwa, mbwa anamfukuza mvulana, mvulana na mbwa wamelala. Hiyo tu. Haihitaji dola.

Sasa nije kwa mtoto ninayemwogopea zaidi, manake yeye anapita kila kipimo. Anasoma kwa sauti kama redio. Nilikuwa na mmoja, hadithi ya mama aliyeenda sokoni akasahau mwavuli, aliisoma yote bila kukwama, wageni wakapiga makofi. Nikamuuliza, nani alienda sokoni? Akarudi juu akanisomea tena sentensi ya kwanza, vizuri vilevile. Nikauliza alisahau nini? Akanisomea ya pili. Nikamuuliza kwa Kiswahili, nikamwita mwenzake amuulize kwa Kisamia lugha ya kwao, hapo ndipo niliona kwamba hata maswali yenyewe yanampita, kwa lugha yoyote. Huyo shida yake si herufi. Lugha yenyewe, kuelewa maneno yakipangwa pamoja, kushika nani alimfanya nini nani, ndiyo nzito kwake, na kwa kuwa hasumbui mtu na anasoma kwa sauti safi anaandikwa anasoma vizuri sana. Akifika madarasa ya juu kila somo linageuka ukuta, watu wanasema ameanza uhuni.

Hawa si wachache. Utafiti wa Uingereza uliotolewa 2016 ulikuta karibu watoto 7 kwa kila 100 wanaoanza shule wana tatizo la namna hii la ukuaji wa lugha bila ugonjwa mwingine unaolieleza. Tuseme kwetu iwe nusu tu, darasa la watoto 80, na nyie mnajua 80 si ajabu kwenye shule za UPE, yaani za elimu ya msingi kwa wote, lina watatu hivi. Kila darasa. Ukiongeza wa kigugumizi na wa masikio hao si watu wa kuachwa pembeni.

Namna ya kumkamata huyu anayesoma kama redio bila kuelewa iko na ni rahisi, ila inarukwa kwa sababu ya haraka. Wataalamu wawili, Gough na Tunmer, waliiweka wazi tangu 1986: kuelewa unachosoma ni kuyafungua maneno mara kuielewa lugha, ni kuzidisha, kimoja kikiwa sifuri jibu lote ni sifuri. Basi pima vyote viwili mbali mbali. Msomee mtoto hadithi wewe, yeye asikilize tu, muulize maswali, ajibu kwa mdomo au kwa kugusa picha. Siku nyingine asome mwenyewe hadithi ya kiwango hicho hicho. Akielewa ya kusikiliza akashindwa ya kusoma, kazi yako iko kwenye herufi na silabi. Akishindwa zote mbili, kumrundikia herufi hakutamsaidia, kazi iko kwenye lugha. Na yule binti wangu wa kigugumizi anaelewa zote mbili, kazi yake ni kupewa muda tu na kuachwa asizomewe. Ni watoto watatu wenye mahitaji matatu tofauti kabisa, na ripoti zetu zina kisanduku kimoja kinachoitwa reading.

Halafu kuna hili la lugha nyingi, na hili watu wa mpakani ndio tunalijua kuliko wa Kampala. Mtaala wa thematic, ule wa kufundisha kwa mada, tangu 2007 unasema P1 mpaka P3 wafundishwe kwa lugha ya eneo, lakini kwenye mji uliochanganyika kama wetu tunaruhusiwa kutumia Kiingereza, na ndicho tunachotumia. Kwa hiyo mtoto kutoka kijijini anakaa kimya term nzima. Je ana tatizo la lugha au hajafundishwa Kiingereza bado? Ukimpima kwa Kiingereza peke yake hutajua kamwe. Muulize mama yake: nyumbani anaongea? Alianza kuongea pamoja na kaka zake na dada zake au alichelewa? Ukimtuma vitu viwili kwa mpigo anarudi na vyote? Kama nyumbani ni msemaji mkubwa mwenye vituko, hana ugonjwa wowote, mfundisheni Kiingereza. Kama hata kwa lugha ya mama mambo ni magumu, hapo msaada unahitajika, na haraka. Mama mmoja sokoni anaweza kukupa kwa dakika 5 kitu ambacho tableti haitakupa mwaka mzima.

Na kabla ya yote hayo, masikio. Mtoto anatoa usaha sikioni tangu P1, wenzake wanamkimbia kwa harufu, sisi tunamkalisha nyuma, halafu tunashangaa hatofautishi p na b. Health centre iko, apelekwe kwanza.

Wakubwa zetu, mtasema sheria zipo. Zipo kweli. Katiba ya 1995 inasema elimu ni haki ya kila mtu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza kumbagua mtoto shuleni kwa ulemavu wake. UNEB nyie wenyewe kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mnawaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalum dakika 45, wasioona wana breli, viziwi wana mkalimani wa ishara. Nawapongeza kwa hilo kwa moyo wote. Swali langu ni kwa nini uungwana huo unaanza P7? Na PLE yenyewe ni ya kuandika mwanzo mpaka mwisho, hakuna somo hata moja mtoto anaambiwa asimame asome kwa sauti! Yaani binti yangu huyu angefika P7 angekaa chini aandike kama wenzake wote, kinachotaka kumzuia asifike ni kale ka-dakika 1 ka P3 ambako hakapo hata kwenye mtihani wenyewe. Sera ya UPE inasema watoto wasirudishwe darasa ovyo lakini tunajua yanayotokea, mwenye shule binafsi analinda division zake, yaani madaraja ya ufaulu, na hata huku kwetu mzazi akisikia mtoto hasomi anasema bora arudie, au bora akae nyumbani achunge wadogo zake, tusipoteze hela ya yunifomu.

Ninachoomba kinawezekana, na kikubwa cha kwanza ni waraka. Karatasi moja kutoka wizarani, yenye muhuri, iseme kwamba mwalimu akimpima mtoto mwenye shida ya kuongea anaruhusiwa kuzima stopwochi, anaruhusiwa kukubali jibu la kidole, la macho, la kuandika, la kitendo, na kwamba matokeo hayo yanahesabika sawa na ya kusoma kwa sauti. Nasisitiza ruhusa kwa sababu walimu wengi tunajua huyu mtoto anasoma, tunaona kwa macho yetu, ila inspekta akija hatuna pa kushika. Nikimwonyesha mbuzi wa miguu mitatu ataniuliza maneno mangapi kwa dakika.

Ripoti za P1 mpaka P3 nazo zitenganishe, kusoma kwa sauti mbali, kuelewa anachosoma mbali, kuelewa anachosikia mbali. NCDC hilo liko mikononi mwenu. Na kusiandikwe kokote kwamba mtoto hajui kusoma mpaka amepimwa angalau kwa njia mbili, siku mbili tofauti, na mtu anayemjua akiwepo.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni suala zito zaidi na sidanganyi kwamba ni la kesho. Makerere ilianza kuwafundisha 2008, nchi yetu ndiyo ilianza Afrika Mashariki, jambo la kujivunia kabisa, lakini wanaomaliza ni wachache na wengi wanabaki Kampala kwa sababu huku hakuna nafasi zao kwenye payroll. Wekeni nafasi hata moja kwa hospitali ya wilaya, naye apewe siku za kuzunguka mashuleni. Wakati tunamsubiri, Chuo Kikuu cha Kyambogo wanafundisha walimu wa mahitaji maalum miaka mingi, watumeni hao watufundishe sisi wa darasani, wikendi moja kwenye coordinating centre, kituo cha walimu cha eneo, si hotelini. Na mtoto anapofundishwa lolote lianzie na anachoweza, siyo kumrekebisha K yake kila anapofungua kitabu mpaka anachukia kitabu.

Kuna sababu nasema haya sasa hivi. Miradi mingi ya kusoma tuliyoizoea, vitabu, tableti, wapimaji, mingi ilikuwa kwa pesa za USAID, shirika la misaada la Marekani, na 2025 hiyo imefungwa. Imeumiza, sitaficha. Lakini vipimo vitakavyofuata tutavitengeneza wenyewe, hakuna tena mtu wa nje wa kusema fomu ndivyo ilivyo. Kabla hamjaichapa hiyo fomu mpya, kaeni na walimu wa P2 na P3, kaeni na wazazi wa hawa watoto, kaeni na watu wazima wenye kigugumizi waliopita kwenye shule hizi hizi wawaambie ilikuwaje.

Vipande vyangu vya karatasi ninavyo, picha nimechora mwenyewe kwa kalamu ya wino, vimegawanywa vya herufi, vya maneno, vya sentensi. DEO wetu akitaka kuona aje darasani asubuhi siku yoyote ya term, sihitaji barua ya kutanguliza. Namwomba kitu kimoja tu akija, asiwe na haraka, na yule binti akianza kutamka asimmalizie neno.

Mwalimu wa P3, Busia